Machapisho ya Mtafiti wa Tiba na Kurejelewa Kwake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kazi yangu ya kila siku ni kuwasaidia madaktari na watafiti wa tiba kupanga orodha za machapisho yao na kujua ni nani amezirejelea kazi zao. Maswali yanayonifikia hayabadiliki sana. Yanatoka kwa watafiti wenyewe, kwa wanafunzi, kwa wajumbe wa kamati za kupandisha vyeo, na siku hizi hata kwa wagonjwa. Nimeyajibu hapa vile vile ninavyomjibu mtu aliyekaa mbele yangu.

Rekodi ya machapisho ina nini ndani yake?

Ina kila alichoandika mtafiti kikachapishwa na kinachoweza kupatikana tena: makala za utafiti, majaribio ya kliniki, taarifa ya mgonjwa mmoja mwenye ugonjwa wa ajabu, mapitio ya kimfumo (makala inayokusanya na kupima tafiti zote kuhusu swali moja), barua kwa mhariri, sura za vitabu, miongozo ya tiba. Vitu hivi havilingani uzito. Jaribio la kliniki lililofuatilia wagonjwa miaka mitano na barua ya aya mbili vyote vinaingia kwenye orodha kama chapisho moja moja. Ukiambiwa mtu ana machapisho 120, uliza kwanza ni ya aina gani.

Kurejelewa ni nini, na nani alianza kuhesabu?

Mtafiti anapoandika, hutaja kazi alizozitegemea, alizozipinga, au alizochukua mbinu zake. Kila mara kazi inapotajwa katika orodha ya marejeo ya makala nyingine, imerejelewa mara moja.

Aliyeleta wazo la kuyakusanya marejeo yote mahali pamoja kwa ajili ya sayansi ni Eugene Garfield, Mmarekani, katika makala aliyoitoa kwenye jarida la Science mwaka 1955. Mwaka 1960 alianzisha taasisi yake Philadelphia, na miaka michache baadaye fahirisi ya kwanza ikatoka. Ndiyo mzazi wa Web of Science, kanzidata ya makala na marejeo tunayoitumia leo.

Nawaomba watu wakumbuke sababu aliyoitoa mwaka ule wa 1955. Alitaka msomaji mwangalifu aweze kujua kama makala anayotaka kuitegemea imekosolewa na wengine, ili data mbovu au zilizopitwa na wakati zisiendelee kurithishwa kutoka makala hadi makala. Fahirisi ilizaliwa iwe njia ya kufuata nyayo za wasomaji. Kumpa mtu alama kwa namba zake kulikuja baadaye, na mengi ya matatizo yaliyo kwenye ukurasa huu yametokana na kuzisahau zile nyayo.

Indeksi ya h inahesabiwaje?

Ni namba moja inayojaribu kupima kwa pamoja wingi wa makala za mtafiti na kurejelewa kwake. Ilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Unapanga makala za mtafiti kuanzia iliyorejelewa zaidi kushuka chini, halafu unahesabu mstari kwa mstari. Ukifika mahali ambapo namba ya mstari imeipita idadi ya marejeo, simama. Mstari uliotangulia ndio h.

Tufanye kwa mkono. Mtafiti ana makala 9, nazo zimerejelewa mara 61, 34, 20, 11, 7, 6, 4, 1 na 0. Makala ya tano ina 7, inapita. Ya sita ina 6, inapita kwa kugusa. Ya saba ina 4, na 4 haifiki 7. Tunaishia hapo: h yake ni 6. Jumla ya kurejelewa ni 144, na makala zilizofikisha mara 10 au zaidi ni nne, ambayo ndiyo namba inayoitwa i10 na Google Scholar, injini ya Google ya kutafuta maandishi ya kitaaluma.

Sasa itazame orodha hiyo kwa karibu. Ile makala ya kwanza ikipanda kutoka 61 hadi 600, h inabaki 6. Yaani mtu mwenye makala moja iliyobadilisha jinsi ugonjwa fulani unavyotibiwa haonekani kwenye kipimo hiki. Upande wa pili, ili h ipande hadi 7 anahitaji marejeo mengine manne tu: moja kwa makala ya sita na matatu kwa ya saba. Manne hayo anaweza kujipa mwenyewe katika makala tatu atakazoziandika. Na kwa vile marejeo hayazeeki, h ya mtu aliyestaafu miaka 10 iliyopita inaweza kuendelea kupanda huku ya kijana anayefanya kazi nzuri kuliko wote ikiwa 3.

Basi h ngapi ni nzuri?

Hirsch mwenyewe alitaja 20 baada ya miaka 20 ya utafiti kama dalili ya mwanasayansi aliyefanikiwa, na 40 kwa aliye bora zaidi. Alikuwa anazungumzia wanafizikia. Namba hizo zimebebwa hadi kwenye tiba bila mtu kuuliza kama zinafaa huko.

Ndani ya tiba kwenyewe fani hazifanani. Saratani na moyo zina maelfu ya watafiti wanaoandika na kurejeleana kila wiki. Anayeshughulikia ugonjwa adimu wa kurithi ana wenzake wachache duniani kote. Hata wakimrejelea wote, namba yake itabaki ndogo. Kama ni lazima kulinganisha, linganisha watu wa fani moja, waliochapisha makala ya kwanza miaka inayokaribiana, kwa kutumia kanzidata moja. Na uhesabu pia miaka ambayo mtu alikuwa wodini usiku na mchana, au nyumbani akilea mtoto mchanga.

Kwa nini Google Scholar inanipa namba kubwa kuliko Scopus na Web of Science?

Kwa sababu kila mmoja anahesabu alichokikusanya mwenyewe. Scopus, ambayo nayo ni kanzidata ya marejeo, na Web of Science huchagua majarida ya kuingiza, na mengi wanayoyachagua ni ya Kiingereza. Google Scholar, iliyoanza mwaka 2004 sawa na Scopus, inazoa karibu kila kinachofanana na maandishi ya kitaaluma kwenye mtandao: tasnifu, rasimu ambazo hazijapitiwa na wataalamu, ripoti, mihadhara ya makongamano. Wingi huo una faida kwa anayechapisha kwenye majarida yasiyoingizwa kwenye kanzidata kubwa. Una hatari pia. Mwaka 2010 Cyril Labbé, mtafiti wa Ufaransa, alimbuni mwanasayansi asiyekuwepo akamwita Ike Antkare, akampa makala zipatazo 100 zilizoandikwa na programu ya kompyuta, zisizo na maana yoyote, zikirejeleana zenyewe kwa zenyewe. Google Scholar ikampa h ya 94.

Kwa hiyo namba ya h isiyotaja kanzidata na tarehe haijakamilika. Kwenye wasifu wako andika vyote.

Wengine huniuliza kuhusu PubMed. Hiyo ni hazina ya bure ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, nzuri mno kwa kutafuta makala, lakini haikujengwa kwa ajili ya kuhesabu kurejelewa. Na makala kuonekana humo si cheti cha ubora wake.

Kazi zangu zimetawanyika chini ya majina matatu. Nifanye nini?

Pole, hili ndilo linalowaumiza watu wengi kimyakimya. Daktari mmoja alinijia na fomu ya ufadhili mkononi. Fomu ilitaka h yake, na kanzidata ilikuwa imempa 4. Tulikaa kama saa moja na nusu. Tulimkuta kwenye kurasa tatu za wasifu: moja yenye majina yake mawili, nyingine yenye herufi ya jina la katikati, na ya tatu ambayo jina lake la kwanza lilikuwa limegeuzwa kuwa la ukoo kwa sababu jarida moja liliyapanga majina kinyume. Ndani ya ukurasa wa kwanza zilikuwemo makala mbili za upasuaji wa mifugo za mtu mwingine kabisa anayefanana naye jina. Tulipounganisha na kuondoa, h ikawa 9. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniambia kwamba miaka miwili kabla alikuwa amenyimwa nafasi kwa ile 4.

Jiandikishe ORCID. Ni namba ya tarakimu 16, ya bure, iliyoanza kutolewa Oktoba 2012, na ni yako hata ukibadilisha jina, kazi au nchi. Itumie kila unapowasilisha makala. Chagua namna moja ya kuandika jina lako na usiibadilishe. Scopus na Web of Science zote zina fomu za kuomba wasifu uunganishwe au makala isiyo yako iondolewe, nao hujibu. Kwa Google Scholar unarekebisha mwenyewe; usiiache ijiongezee makala bila wewe kuangalia.

Na makala isiyo yako iondoe hata kama inakupandishia namba.

Nafasi ya jina kwenye orodha ya waandishi inaeleza nini?

Katika tiba, wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyebeba mzigo mkubwa wa kazi na kuandika. Wa mwisho huwa kiongozi wa timu au msimamizi. Mwandishi wa mawasiliano ndiye anayejibu maswali baada ya kuchapishwa. Waliopo katikati ni vigumu kuwajua kwa kutazama tu. Ukisoma rekodi ya mtu, hesabu kando makala alizokuwa wa kwanza au wa mwisho. Mara nyingi picha inabadilika.

Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ambayo ilianza kwa mkutano wa Vancouver, Kanada, mwaka 1978, imeweka masharti manne ya kuitwa mwandishi: kuchangia kwa kiasi kikubwa katika kuubuni utafiti au katika data; kuandika rasimu au kuihakiki kwa kina; kuidhinisha nakala ya mwisho; na kukubali kuwajibika kwa kazi nzima. Yote manne kwa pamoja. Mkuu wa idara aliyesaini barua ya kuombea fedha tu hajatimiza. Mahali pake ni kwenye shukrani. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu nimeona majina ya wakubwa yakipandishwa na jina la msaidizi aliyekusanya data kijiji kwa kijiji, akazichambua na kuandika nusu ya makala, likiachwa nje.

Kuna pia makala za vikundi vikubwa. Mwaka 2021 utafiti mmoja wa kimataifa kuhusu upasuaji na UVIKO-19 ulitoka na waandishi zaidi ya 15,000. Kazi ya namna hiyo ni ya thamani, lakini kila mmoja wa hao anaiweka kwenye orodha yake kwa ukamilifu. Majarida mengi sasa huchapisha maelezo ya nani alifanya nini, yakitumia mpangilio wa majukumu 14 uitwao CRediT. Yasome, yapo karibu na mwisho wa makala.

Makala iliyorejelewa mara nyingi si ndiyo bora?

Hapa nitakaa kidogo.

Januari 1980, New England Journal of Medicine lilichapisha barua fupi ya sentensi tano. Waandishi wawili walisema kwamba kati ya wagonjwa 11,882 waliolazwa hospitalini na kupewa angalau mara moja dawa za maumivu za jamii ya afyuni, walipata wanne tu waliothibitika kuwa waraibu kati ya wasiokuwa na historia ya uraibu. Hakukuwa na maelezo ya mbinu, wala kipimo cha dozi, wala ufuatiliaji wa wagonjwa hao baada ya kutoka hospitali.

Mwaka 2017 watafiti wa Kanada waliifuata barua hiyo kila ilipotajwa. Waliikuta imerejelewa mara 608. Takriban asilimia 72 ya waliorejelea waliitumia kama ushahidi kwamba uraibu ni nadra kwa wagonjwa wanaotibiwa kwa dawa hizo. Asilimia 81 hawakusema kuwa wagonjwa wale walikuwa wamelazwa. Barua inayohusu watu waliokuwa vitandani chini ya uangalizi ikageuka kinga kwa wanaoandikia watu dawa za kwenda nazo nyumbani miezi na miezi, katika nchi ambako uraibu wa dawa hizo umeua watu wengi sana. Jarida lenyewe baadaye liliweka ilani juu ya barua hiyo.

Kwa hesabu ya namba peke yake, marejeo 608 kwa sentensi tano ni mafanikio makubwa.

Kuna mfano mwingine wenye sura tofauti. Mwaka 1998 jarida la The Lancet lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake kuhusu watoto 12, iliyopandikiza hofu kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inahusiana na usonji. Ilibatilishwa Februari 2010, miaka 12 baadaye. Imerejelewa mara nyingi mno, na wengi wanaoitaja wanaikataa. Kanzidata haitofautishi. Anayesema "hii ni kweli" na anayesema "hii ni uongo" wote wanaongeza moja.

Na kuna umaarufu usio na lawama wala sifa ya pekee. Moja ya makala zilizorejelewa kuliko zote katika historia ya sayansi, zaidi ya mara 300,000, ni ya Oliver Lowry na wenzake ya mwaka 1951, inayoeleza namna ya kupima kiasi cha protini kwenye sampuli. Kila aliyeitumia mbinu hiyo maabara aliitaja. Mbinu zinarejelewa kuliko ugunduzi, na mapitio ya kimfumo yanarejelewa kuliko utafiti ulioyajenga.

Kwa hiyo ninapoombwa kueleza uzito wa makala, nafungua kumi kati ya zilizoirejelea na kusoma sentensi yenyewe iliyoitaja. Je, imetajwa kwa kupita pamoja na nyingine nane kwenye mabano? Imetumika kujenga jaribio jipya? Imepingwa? Imeingia kwenye mwongozo wa tiba? Nusu saa ya kazi hiyo inanipa zaidi ya namba yoyote.

Je, kazi isiyorejelewa sana haina maana?

Katalin Karikó na Drew Weissman walichapisha mwaka 2005, katika jarida la Immunity, namna ya kubadilisha chembe za RNA ili mwili usizishambulie kwa uvimbe. Watu hawakuishangilia. Karikó alikuwa ameshashushwa cheo miaka 10 kabla, akiendelea na kazi ambayo wengi hawakuona mwelekeo wake. Mwaka 2020 chanjo za UVIKO-19 za mRNA zikasimama juu ya ugunduzi huo, na mwaka 2023 wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel.

Tu Youyou wa China hakuwa na shahada ya uzamivu. Matokeo ya artemisinini, dawa iliyookoa maisha ya wagonjwa wa malaria wasiohesabika, yalichapishwa kwa Kichina mwaka 1977 kwa jina la kikundi, bila majina ya watu. Ukiipima kazi ile siku ile kwa h ya mtu binafsi, unapata sifuri. Nobel yake ilikuja mwaka 2015.

Kazi nyingine huacha kurejelewa kwa sababu imekuwa maarifa ya kila mtu. Anayeandika leo kuhusu insulini ni nadra airejelee makala ya Banting na Best ya mwaka 1922. Mwanasosholojia Robert Merton alilieleza jambo hili zamani: wazo linamezwa na elimu yenyewe hadi jina la mwenyewe linafifia.

Kipimo cha athari cha jarida kinamhusu mtafiti?

Kinalihusu jarida. Kwa Kiingereza huitwa impact factor. Cha mwaka 2024 kinapatikana kwa kuchukua mara ambazo makala za jarida za 2022 na 2023 zilirejelewa ndani ya 2024, kisha kugawanya kwa idadi ya makala za utafiti na mapitio zilizotoka miaka hiyo miwili. Marejeo 1,200 kwa makala 300 ni 4.

Wastani huo unaficha mengi. Makala chache ndizo zinazobeba jarida, nyingi zikirejelewa kidogo au kutorejelewa kabisa. Kuna jarida la saratani ambalo kipimo chake kimezidi 200 kwa miaka kadhaa, hasa kwa sababu linachapisha takwimu za saratani za dunia ambazo kila anayeandika kuhusu saratani huzitaja katika aya ya kwanza. Mwenye makala ya kawaida humo anang'aa kwa mwanga wa takwimu hizo. Tamko la San Francisco, lililoandaliwa Desemba 2012, linaziomba taasisi ziache kukitumia kipimo hiki kumpima mtu anapoajiriwa, kupandishwa cheo au kupewa fedha. Mimi naliunga mkono kwa moyo wote.

Kujirejelea ni kosa?

La. Anayefuatilia jambo moja kwa miaka lazima aitaje kazi yake ya awali, la sivyo msomaji hataelewa alikotoka. Tatizo linaanza pale marejeo yanapopachikwa mahali yasipohitajika, au mhakiki anapomlazimisha mwandishi ataje kazi za mhakiki huyo ndipo ampitishe. Ukifanyiwa hivyo, mwandikie mhariri. Scopus inakuruhusu kuhesabu h bila kujirejelea. Linganisha mbili hizo, na tofauti ikiwa kubwa, fungua makala uone.

Nimeona fulani ameandikwa miongoni mwa "asilimia 2 ya wanasayansi bora duniani". Ni tuzo?

Si tuzo. Ni jedwali linalotokana na data za Scopus, lililoandaliwa na John Ioannidis wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake, likichanganya vipimo sita vya kurejelewa. Uzuri wake ni kwamba linazingatia nafasi ya jina na linaonyesha hesabu pamoja na bila kujirejelea. Kuwemo ni jambo la kufurahia, lakini lisiandikwe kana kwamba chuo kile kimemtunuku mtu.

Kuna kipimo kinachozingatia tofauti za fani?

Vipo. Scopus ina kimoja ambacho 1 ni wastani wa dunia kwa makala za fani ile ile, aina ile ile na mwaka ule ule, 1.5 maana yake imerejelewa asilimia 50 zaidi ya ilivyotarajiwa. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zina chao, kinachopatikana bure kwenye iCite. Ni bora kuliko h kwa kulinganisha, ila kwa mtu mwenye makala tano makala moja iliyotajwa sana inavuruga wastani wote.

Nitalijuaje jarida la kitapeli?

Linakuandikia barua pepe ya kukusifu kupita kiasi, linaahidi kuchapisha ndani ya siku chache, linaficha ada hadi makala ikubaliwe, linataja kipimo cha athari ambacho hukioni kwa Clarivate, kampuni inayovitoa vipimo hivyo, na kwenye bodi yake kuna wataalamu ambao hawajui kuwa wamo. Angalia kama jarida limo kwenye DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure yaliyokaguliwa, kisha soma makala tatu lilizochapisha mwaka huu. Hiyo ya mwisho ndiyo dawa. Jarida linalotoza ada si lazima liwe la kitapeli. Mengi mazuri yanayosomwa bure hutoza.

Kwa aliyekwisha kunaswa, usijione mjinga. Wamenaswa maprofesa. Usiipeleke makala ile ile kwingine kabla hujapata maandishi kwamba imeondolewa.

Mimi ni mgonjwa. Daktari mwenye machapisho mengi ndiye anayetibu vizuri zaidi?

Namba hizi haziwezi kukuambia hilo. Zinapima kazi ya kuandika na kusomwa. Kuna daktari bingwa asiye na makala hata moja ambaye ningempelekea mama yangu bila kusita. Rekodi inaweza kukusaidia kama una ugonjwa adimu na unatafuta anayeufuatilia kwa karibu: tafuta jina la ugonjwa, uone nani ameandika mara kwa mara miaka ya karibuni, na kama ameona wagonjwa au amefanya kazi ya maabara pekee. Muhimu zaidi, muulize ameshatibu wangapi.

Niko kwenye kamati ya kupandisha vyeo. Niombe nini?

Muombe mtafiti achague kazi zake tano na aeleze kwa nusu ukurasa kila moja ilibadilisha nini na yeye alifanya nini hasa. Halafu wajumbe wazisome. Najua muda ni mfupi na mafaili ni mengi. Lakini makala tano zinasomeka jioni moja, na uamuzi wenu utakaa na mtu huyo maisha yake yote ya kazi.

Ndiyo kwanza naanza. Nifanyeje kazi yangu isomwe?

Uliza swali ambalo mgonjwa au daktari mwenzako analihitaji. Andika kichwa kinachosema jambo lenyewe, na muhtasari unaojitosheleza, kwa kuwa wengi hawatapita hapo. Kama jarida linaruhusu, weka nakala kwenye hazina ya chuo chako isomwe bure. Toa data zako pale faragha ya wagonjwa inaporuhusu. Usiikate kazi moja vipande vinne ili orodha irefuke. Wanaosoma wanagundua, na wanaofanya mapitio ya kimfumo wanapata tabu kubwa kujua kama wagonjwa ni wale wale.

Na kabla ya kuitaja makala yoyote, ifungue, uangalie pia kama haijabatilishwa. Hifadhi ya Retraction Watch, inayoorodhesha makala zilizobatilishwa, iko wazi kwa wote kupitia Crossref tangu 2023.

Nimegundua kosa kwenye makala yangu ambayo tayari imerejelewa. Nifanye nini?

Mwandikie mhariri wiki hii. Eleza kosa, limetokea wapi, na linabadilisha matokeo kwa kiasi gani. Kosa dogo litapata sahihisho lililounganishwa na DOI, namba ya kudumu ya kuitambulisha makala mtandaoni. Kubwa linaweza kuhitaji ibatilishwe, na kujibatilishia kwa kosa lisilo la makusudi kunaheshimiwa kuliko watu wanavyoogopa. Waambie waandishi wenza wote kabla ya kutuma.

Halafu fungua orodha ya waliokurejelea. Waliokutaja kwa kupita hawahitaji kusumbuliwa. Waliotumia namba zako kukokotoa dozi, kupanga jaribio, au kuziingiza kwenye mapitio ya kimfumo, waandikie mmoja mmoja. Barua pepe ya mwandishi wa mawasiliano kwa kawaida iko kwenye ukurasa wa kwanza wa makala.